iNaturalist kwa watumiaji wa Afrika Mashariki: ubora wa jibu unategemea ushahidi uliouleta

Watu wengi huipakua iNaturalist wakidhani ni programu ya kupiga picha jani na kuambiwa jina. Wanapiga picha tatu za haraka, wanapewa majina ya Kilatini yasiyofanana na kitu walichokiona, kisha wanaifuta kwenye simu. Hasara ni yao, maana jina linalotolewa papo hapo na kompyuta ni sehemu ndogo kabisa ya huduma hii. Huduma yenyewe ni watu: wataalamu wa mimea, walinzi wa hifadhi, wastaafu waliosoma nondo miaka thelathini, wanafunzi wa vyuo vikuu. Wanatazama ulichokiona, wanakwambia ni nini, na ukiwauliza wanakueleza wamejuaje. Hawa hawalipwi. Muda wao unaupata kwa kuwapa kitu wanachoweza kukifanyia kazi.

Ilianza mwaka 2008 kama kazi ya shahada ya uzamili ya Nate Agrin, Jessica Kline na Ken-ichi Ueda katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 2014 ilichukuliwa na California Academy of Sciences, mwaka 2017 National Geographic ikaingia ubia, na tangu 2023 inajitegemea kama shirika lisilo la faida. Ni bure, haina matangazo, na inatumika kwenye simu za Android na iPhone na kwenye kompyuta. Rekodi zilizokusanywa dunia nzima zimepita milioni 200, lakini mgawanyo wake si sawa. Amerika ya Kaskazini na Ulaya zimejaa, sisi huku bado tuna wilaya nzima zenye rekodi chache. Jambo hilo lina faida na hasara, na nitalirudia.

Rekodi inahesabiwa vipi

Rekodi moja ni kiumbe mmoja, mahali pamoja, wakati mmoja. Inahitaji tarehe, mahali, na ushahidi wa picha au sauti. Ukiona vipepeo wawili wa spishi tofauti kwenye ua moja, hizo ni rekodi mbili, hata kama picha ni ileile. Inakili rekodi, kisha kwenye maelezo andika unamzungumzia yupi. Kosa linalojirudia kwa wageni ni kurundika matembezi ya asubuhi nzima kwenye rekodi moja: mti, mjusi, uyoga, ndege. Rekodi ya namna hiyo haiwezi kupewa jina, na watambuzi, yaani wale wanaozipa rekodi majina, huipita.

Kuna madaraja matatu. Rekodi iliyokosa tarehe, mahali au ushahidi, au inayohusu kiumbe aliyefugwa au kupandwa, inabaki daraja la kawaida. Iliyokamilika lakini haijakubaliwa inabaki kwenye foleni ya kuhitaji utambuzi. Inapanda daraja la utafiti pale zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa utambuzi wanapokubaliana kwenye spishi, na lazima wawe angalau wawili. Zingatia neno "zaidi". Wewe ukisema spishi fulani na mtu mwingine akakubali, imepanda. Akija wa tatu akapinga, wawili kati ya watatu ni theluthi mbili kamili, haitoshi, na rekodi inashuka. Anahitajika wa nne kukubaliana nanyi ili ipande tena. Wengi hukasirika hapa wakidhani mtu mmoja amewaharibia kazi. Mfumo umekusudiwa hivyo, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu yake bora: shaka moja yenye sababu inatosha kuwarudisha wote kwenye picha.

Suala la kufugwa na kupandwa linasumbua sana huku kwetu. Mwembe uliopandwa uani, mbuzi, kuku, mahindi shambani: wekea alama ya kupandwa au kufugwa. Kiwavi anayekula mahindi hayo ni wa porini, kwa hiyo rekodi iandikwe kwa jina la kiwavi, si la mahindi. Kuwa mgeni nchini pia si sawa na kufugwa. Kunguru wa shingo ya kijivu wanaosumbua Dar es Salaam na Mombasa, *Corvus splendens*, waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, lakini leo wanaruka na kuzaliana wenyewe. Kwa hesabu ya iNaturalist ni wa porini, na rekodi zao zina thamani kubwa kwa anayefuatilia wanavyosambaa kuelekea bara.

Picha: hapa ndipo pa kutumia muda

Simu ya kawaida inatosha. Kinachokosekana kwa kawaida ni picha ya sehemu sahihi ya kiumbe. Rekodi moja inapokea picha kadhaa, kwa hiyo piga tatu hadi tano, kila moja ikiwa na kazi yake.

Chukua mgunga. Migunga ya Afrika Mashariki ni mingi, na picha ya mti mzima ukiwa mbali, mzuri kwa kalenda, haimsaidii mtambuzi. Jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya zamani ya *Acacia* ilishagawanywa, na migunga ya Afrika sasa iko hasa kwenye *Vachellia* na *Senegalia*. Tofauti inaanzia kwenye miiba. *Vachellia* huwa na miiba iliyonyooka inayotoka miwili miwili kwenye kifundo, na maua ya spishi nyingi ni ya duara. *Senegalia* huwa na miiba mifupi iliyopinda, na maua yake mara nyingi yamepangwa kwenye shuke refu. Ukisogea zaidi unapata spishi. *Senegalia senegal* ina miiba mitatu kwenye kifundo, wa katikati umepinda kushuka chini na ya pembeni imeelekea juu. *Vachellia tortilis* ina miiba mirefu iliyonyooka na mifupi iliyopinda kwenye tawi lilelile, na maganda yake yamejisokota. *Vachellia xanthophloea*, ile ya kandokando ya maji, inajitangaza kwa gome la manjano. Kwa hiyo piga kifundo kimoja kwa karibu kiasi cha kuhesabu miiba, ua kama lipo, ganda kama lipo (angalia pia yaliyoanguka chini), gome, na mwisho ndiyo mti mzima.

Kwa mimea mingine kanuni ni hiyohiyo: jani juu na chini, jinsi majani yanavyokaa kwenye kijiti, ua kwa mbele na kwa ubavu, tunda. Upande wa nyuma wa ua ndio unaosahaulika kuliko vyote, na kwa mimea ya jamii ya alizeti bila huo hufiki mbali.

Mikoko ni mfano mzuri wa pwani kwa sababu ushahidi wenyewe uko miguuni. Mkoko, *Rhizophora mucronata*, husimama juu ya mizizi iliyopinda kama matao. Mchu, *Avicennia marina*, hutoa mizizi myembamba kama penseli inayochomoza kwenye tope. Mlilana, *Sonneratia alba*, nao una mizizi inayochomoza lakini ni minene zaidi na imechongoka. Picha moja ya tope chini ya mti, moja ya jani pande zote mbili, na moja ya tunda au chipukizi linaloning'inia, umemaliza kazi.

Kwa mkulima wa mahindi, kiwavijeshi vamizi, *Spodoptera frugiperda*, anaweza kutambuliwa kwa picha mbili tu zikiwa kali. Ya kwanza ni ya uso, ambapo kuna mstari mweupe wenye umbo la herufi Y iliyopinduliwa. Ya pili ni ya mgongo upande wa mkia, ambapo kwenye pingili ya pili kutoka mwisho kuna madoa manne meusi yaliyokaa kwenye pembe nne za mraba. Watu wengi hupakia picha ya jani lililotoboka na kinyesi cha kiwavi kilichojaa kwenye moyo wa mhindi. Hiyo inaonyesha kuwa kuna mdudu, haionyeshi ni nani. Mchukue kiwavi kwa kijiti, mweke kwenye karatasi nyeupe kivulini, piga, kisha endelea na hatua zako za shambani.

Uyoga upigwe chini ya kofia na kwenye shina hadi kitako, kwa hiyo uchimbe kidogo badala ya kuukata. Na hapa niseme bila kuzunguka: jina lililotolewa na iNaturalist, hata likiwa daraja la utafiti, lisitumike kuamua kula uyoga. Hakuna mtambuzi makini atakayekubali kubeba dhamana hiyo kwa picha ya simu.

Kadhalika nyoka. Nyoka wa kijani wa pwani wanachanganya: kuna wa jenasi ya *Philothamnus* wasio na hatari kwa binadamu, kuna *Dendroaspis angusticeps* (green mamba kwa Kiingereza), na kuna *Dispholidus typus* (boomslang) mwenye jicho kubwa sana. Wawili hawa wa mwisho wanaua. Piga ukiwa mbali, kuza picha baadaye, na kama haikutoka vizuri iache hivyo. Aliyeumwa apelekwe hospitali mara moja. Hakuna anayekaa zamu kwenye iNaturalist kujibu dharura.

Sauti zinapuuzwa bila sababu. Kwa vyura na komba, sauti mara nyingi ni ushahidi bora kuliko picha. Komba wadogo wa misitu ya pwani, wa jenasi ya *Paragalago*, wanafanana mno usiku kwenye mwanga wa tochi, ila milio yao inatofautiana, na wataalamu wao husikiliza kwanza ndipo watazame. Rekodi nusu dakika bila kuzungumza, simu ikiwa imegeuziwa mgongo upepo. Tumia kinasa sauti cha simu, si noti ya sauti ya WhatsApp ambayo hubana sauti mno.

Jambo moja la kiufundi linaokoa picha nyingi. iNaturalist hupunguza kila picha hadi pikseli 2048 kwa upande mrefu. Ukipakia picha kubwa ambamo mdudu ni nukta katikati, baada ya kupunguzwa ile nukta inakuwa ukungu. Kata picha kwanza, mdudu ajaze angalau nusu ya fremu, ndipo upakie.

Mahali na tarehe

Picha iliyopita WhatsApp imepoteza taarifa zake za ndani: saa iliyopigwa na alama ya mahali. Ukiipakia kwenye iNaturalist, tarehe itakosekana au itakuwa ya siku ulipoipokea, na mahali patakuwa patupu au pale ulipokaa wewe. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuona kima punju wa Unguja "ameonekana" Kinondoni. Kama mwenzako ndiye aliyepiga, afungue akaunti yake mwenyewe. Pamoja na hayo, rekodi ni ya aliyeona, na picha ni mali ya aliyepiga. Kupakia picha ya mtu mwingine au uliyoitoa kwenye mtandao ni kosa, na ikigundulika hufichwa.

Kama kazi yako inahitaji picha zipite kwa mtu mwingine, zitume kama hati badala ya picha, ili faili lifike lilivyo.

Kwa mahali, kila rekodi ina duara la usahihi kwa mita. Simu inapotoka mfukoni bila mtandao huchukua muda kupata satelaiti, na ukipiga mara moja unaweza kupata duara la kilomita mbili. Subiri hadi lishuke chini ya mita 20 au hivi. Kwenye milima hili si jambo dogo. Vinyonga wa jenasi ya *Kinyongia* wa Milima ya Usambara wanaishi kwenye maeneo finyu, na mahali sahihi pamoja na mwinuko ni nusu ya utambuzi. Piga pia kichwa kwa ubavu, pembe au kishungi vionekane vyote.

Vinyonga hao wananileta kwenye usiri. Wengi wao hutafutwa na wafanyabiashara wa wanyama wa kufuga. iNaturalist hufunika kiotomatiki mahali pa spishi nyingi zilizo hatarini: badala ya nukta halisi, umma unaona nukta ya kubahatisha ndani ya mraba wa nyuzi 0.2 kwa 0.2, ambao kwetu karibu na ikweta ni kama kilomita 22 kila upande. Wewe mwenye rekodi unaendelea kupaona pale halisi. Usitegemee mfumo peke yake, maana si kila spishi inayowindwa imewekwa kwenye orodha. Okidi adimu, kiota cha ndege mwindaji, kakakuona: chagua mwenyewe kufunika. Fanya hivyo pia kwa kila rekodi ya nyumbani kwako, kwani rekodi ishirini za mijusi ya ukutani zinaonyesha unapoishi kwa usahihi wa mita tano.

Kompyuta inapokosea, na kwa nini

Mapendekezo ya papo hapo yanatokana na mfumo uliofundishwa kwa picha za watumiaji wenyewe. Spishi huingia kwenye mafunzo ikiwa na picha za kutosha, takriban 100. Hapo ndipo ule mgawanyo usio sawa unapotuuma. Ndege wetu, mamba, twiga, mimea ya barabarani na magugu ya kimataifa kama *Lantana camara*, inavitambua vizuri. Mende wadogo, nzi, nyasi, buibui na miti ya misitu ya asili, mara nyingi hapana. Mfumo usiomjua mende wa Kisarawe hutafuta aliyefanana naye kati ya anaowajua, na unaweza kukuletea wa Texas.

Kinga ni rahisi. Angalia kama pendekezo limewekewa alama kwamba spishi hiyo inatarajiwa eneo lako. Kama haina, usilichague. Panda ngazi: chagua jenasi, au familia, au hata kundi kubwa tu kama mende. Mtambuzi wa mende atakupata. Kinyume chake pia ni kosa. Rekodi iliyoachwa bila jina lolote inaingia kwenye rundo la visivyojulikana, ambako wataalamu hawapiti, kwa sababu kila mmoja huchuja kwa kundi analolijua. "Mmea" peke yake ni bora kuliko kuacha patupu.

Ile hasara ya kuwa na rekodi chache ina upande wake wa faida: picha zako mia za nyasi za Morogoro zikithibitishwa zinaweza kuingiza spishi nzima kwenye mafunzo ya mfumo. Mtumiaji wa California hana nafasi hiyo.

Kuzungumza na watambuzi

Ndege hujibiwa haraka, mara nyingi siku hiyohiyo. Vipepeo na mijusi nao hawakai sana. Mimea na wadudu wadogo wanaweza kungoja miezi, na baadhi yao hawatajibiwa kwenye spishi kamwe kwa sababu wanahitaji hadubini. Hilo si dharau.

Mtu akibadilisha jina lako, usikimbilie kubonyeza kukubali. Hii ndiyo tabia inayoharibu data kuliko zote: mwenye rekodi anakubali kwa adabu asichokijua, kura zinakuwa mbili, na rekodi inapanda daraja la utafiti wakati kwa kweli ni mtu mmoja tu aliyeitazama. Kama hujui, ondoa utambuzi wako wa mwanzo ili usizuie, na uandike swali: "Asante. Ni alama gani inayoitofautisha na ile niliyoandika?" Wengi hujibu, na majibu hayo ndiyo shule yenyewe. Utaambiwa utazame idadi ya pingili za kipapasio, au tezi kwenye kikonyo cha jani, na safari ijayo utapiga picha ya sehemu hiyo bila kuambiwa. Kiswahili kinaruhusiwa kabisa kwenye maoni, ingawa majibu mengi yatakuja kwa Kiingereza.

Kuna swali moja la mfumo linalowachanganya hata wazoefu. Rekodi ikiwa na jina la spishi, nawe ukaweka jina la ngazi ya juu zaidi, labda familia, utaulizwa unamaanisha nini. Chaguo la kwanza ni kwamba wewe una uhakika na familia tu, bila kupinga spishi iliyotajwa. La pili ni kwamba ushahidi uliopo hautoshi kuitaja spishi hiyo, au unaikataa. La pili ni kura ya kupinga na linaishusha rekodi. Wengi hubonyeza la pili bila kusoma.

Usiwaite wataalamu kwa majina kwenye kila rekodi. Mwite mtu pale tu ambapo umekwama, umeweka picha zote, na unajua kuwa kundi hilo ndilo lake.

Na usibaki kuwa mpokeaji. Kuna ukurasa wa kutambua rekodi za wengine, unachuja kwa mahali na kwa kundi. Anza na kazi isiyohitaji utaalamu: chagua Tanzania au Kenya, chagua visivyojulikana, na uvigawe kwenye makundi makubwa: mmea, ndege, kuvu, mdudu. Kila unachokigawa kinamfikia mtu anayekijua. Kisha chagua spishi moja tu ya kwenu unayoijua kwelikweli pamoja na zinazofanana nayo, ukae nayo. Anayejua kutofautisha mnavu na ndulele, akajua pia kwamba mnavu wa sokoni ni zaidi ya spishi moja ya *Solanum*, ana kitu cha kuwapa watambuzi wa Ulaya ambao wameuona kwenye mimea iliyokaushwa tu.

Kwenye majina ya Kiswahili tuna kazi kubwa zaidi. Ukurasa wa kila spishi unaruhusu kuongeza jina kwa lugha na kwa eneo. Spishi nyingi za kwetu hazina jina la Kiswahili pale, au zina moja lililokosewa. Ongeza lile linalosemwa na watu, na uonyeshe ni la wapi. Usitunge. Jina la jumla kama mgunga usilibandike kwenye spishi moja kana kwamba ni lake peke yake, maana anayetafuta "mgunga" atapelekwa pasipo.

Mengineyo

Programu haili bando sana ukijipanga: hifadhi rekodi kwenye simu ukiwa porini, pakia ukifika kwenye Wi-Fi. Programu mpya ya simu inaweza kutoa mapendekezo hata bila mtandao, jambo muhimu kwa anayefanya kazi mbali na minara. Betri inaisha haraka GPS ikiwa wazi siku nzima, kwa hiyo beba power bank.

Mashindano ya City Nature Challenge, yaliyoanza mwaka 2016 kati ya Los Angeles na San Francisco na sasa ni ya dunia nzima, hufanyika mwishoni mwa Aprili. Kwetu ni katikati ya masika: vyura na uyoga ni wengi, simu inalowa. Ni fursa nzuri ya kukutana na watu wa mji wako, lakini kukimbizana na idadi huzalisha maelfu ya picha hafifu. Rekodi ishirini zilizopigwa ipasavyo zinafundisha zaidi ya mia mbili zilizopigwa mtu akitembea.

Juni 2025 taarifa kwamba shirika limepokea fedha kutoka Google kwa ajili ya majaribio ya akili unde ilizua malalamiko makali kutoka kwa watambuzi, na baadhi yao walitishia kuondoka. Nawaelewa. Maelezo yao ndiyo bidhaa, na walitaka kuulizwa kwanza. Anayejiunga leo ajue kuwa mjadala huo upo.

Kama haja yako ni dawa ya ugonjwa wa muhogo, iNaturalist si mahali pake. PlantVillage Nuru imetengenezwa kwa ajili hiyo na inafanya kazi bila mtandao. Kwa orodha za ndege, eBird iko imara zaidi, na Kenya wana Kenya Bird Map. Pl@ntNet ni nyepesi kwa mimea peke yake. Kwa watoto kuna Seek, ya watu haohao wa iNaturalist, isiyohitaji akaunti. Kwenye iNaturalist yenyewe aliye chini ya miaka 13 anahitaji idhini ya mzazi. Makundi ya WhatsApp na Facebook yanajibu haraka kuliko zote hizi, ila jibu linapotea chini ya salamu za asubuhi, na mwenzako atauliza swali lilelile wiki ijayo.

Mwisho, angalia leseni kwenye mipangilio kabla hujaanza. Chaguo la kawaida ni CC BY-NC: watu wanaruhusiwa kutumia kazi yako bila biashara, wakikutaja. Rekodi za daraja la utafiti zenye leseni ya CC0 (bila sharti lolote), CC BY (kutajwa tu) au CC BY-NC hupelekwa GBIF, hazina ya data yenye makao yake Copenhagen, ambako watafiti wa bayoanuwai huzichukua. Ukichagua kuzuia haki zote, rekodi inabaki iNaturalist na haifiki huko. Unaweza kupakua rekodi zako zote kama jedwali wakati wowote, na ni vizuri ufanye hivyo kila mwaka. Ukichoka, iache akaunti ilale. Ukiifuta, rekodi zako zinafutika, na pamoja nazo kila utambuzi uliowapa wengine, kwa hiyo rekodi zao zilizokuwa zimeshapanda daraja kwa kura yako zitarudi kwenye foleni.